Usivute boti ukiwa na kijumba mgongoni kabla hujapima ekseli ya nyuma

Mkuu, usimlipe huyo fundi kwanza. Umesema una Hilux dabo kebini, unatengenezewa kijumba cha kulala cha kupakia kwenye bodi, na Desemba unataka kuvuta boti ya futi 18 kutoka Dar hadi Matema, Ziwa Nyasa, na familia ikiwa ndani. Umeuliza kama ni salama, leseni gani inahitajika, matairi gani ufunge na boti uifunike na nini. Nimesoma uzi wote, watu kumi na wanne wamekwambia "Hilux haifi, nenda". Hakuna hata mmoja aliyekuuliza uzito. Mimi niliambiwa maneno hayohayo mwaka 2021, chasisi yangu ikapinda njiani.

Mpango wangu ulikuwa huo wako: kijumba mgongoni, boti nyuma, safari ya Ziwa Nyasa. Aliyetengeneza kijumba aliniahidi hakitazidi kilo 400. Kilipokuja kupimwa, maji yakiwa yameisha, kilikuwa 610. Fremu ya angle ya chuma, plywood nene, kitanda, kabati, vyote vizuri kwa macho. Kibati cha uzito cha gari yangu kinasema jumla ya gari na mzigo isizidi kilo 3,000, na tupu ilikuwa 2,050. Yaani nilikuwa na kilo 950 za kuchezea, basi. Sasa jumlisha: kijumba 610, maji lita 100 ni kilo 100, sisi wanne 290, friji na mtungi wa gesi na vyombo 90. Hapo tayari ni 1,090, na boti sijaifunga.

Wengi wanadhani boti ina magurudumu yake kwa hiyo haiihusu pikapu. Inaihusu sana. Ulimi wa tela, yaani ule mkono wake wa mbele, unakalia ndoano ya gari lako, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo uliobeba mwenyewe. Boti yangu na tela lake vilikaribia kilo 1,300, ulimi ukawa 130. Na hizo 130 hazikai pale zilipo. Kwenye Hilux dabo kebini kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.085, na ndoano yangu ilikuwa kama mita moja na robo nyuma ya ekseli. Ni mzani wa sokoni kabisa: ekseli ya nyuma inabeba kilo 183, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa 53. Hayohayo ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki! Kijumba nacho kilizidi bodi kwa nusu mita, kwa hiyo uzito wake mwingi ulikuwa nyuma ya ekseli, nao ukawa unainua pua ya gari.

Gari lilikalia matako tangu nyumbani. Usukani ukawa mwepesi, taa zinamulika juu ya miti. Nikarudi kwa fundi wa spring. Huyu ndiye ninayemlaumu mpaka leo, kwa sababu alikuwa mtu mzima na anajua kazi. Akaongeza majani mawili kila upande na mifuko ya hewa juu ya ekseli, gari likasimama sawasawa, akanipiga bega: "Bosi, sasa hata tani mbili inabeba." Nikamwamini kwa kuwa macho yangu yaliona gari limenyooka. Lakini jani la spring haliongezi nguvu ya chasisi, wala ya ekseli, wala ya breki. Alichokiondoa ni ile dalili iliyokuwa inanionya. Na ile mifuko ya hewa inasukuma chasisi juu sehemu moja, huku kijumba na ulimi wa tela vinaikandamiza mkiani. Umeshawahi kuvunja kuni kwenye goti? Ndivyo hivyo.

Kabla ya Mikumi tela likaanza kuyumba nikiwa 80. Dereva mmoja wa lori akanishauri nisogeze boti nyuma kidogo ili ulimi uwe mwepesi. Mkuu, usithubutu. Tela lenye uzito nyuma ndilo linalotikisa mkia mpaka linakugeuza barabarani. Nilienda kilomita chache hivyo, mke wangu akaniambia nisimame ama ashuke na watoto. Nikairudisha.

Kitonga tulipanda salama, gia ya pili. Baada ya Ilula kulikuwa na tuta ambalo sikuliona mapema, nikalipanda kama 50, gari likadunda mara moja, nikasikia mlio kama mlango wa chuma. Niliposhuka, pengo kati ya kebini na bodi juu lilikuwa linaingiza ngumi, na chini kidole hakipiti. Chasisi ilikuwa imepinda. Kuinyoosha ikashindikana, ilikuwa na ufa. Bima wakauliza uzito, wakakataa kulipa. Shilingi milioni tisa na miezi minne gari liko juu ya matofali. Boti ilirudi Dar juu ya Fuso. Watoto hawakuliona ziwa.

Mizani za barabarani hazikunisaidia kwa sababu zinapima magari ya kuanzia tani 3.5, sisi wa pikapu tunapita tu. Kwa hiyo tafuta mizani ya malori ya binafsi, hata yadi ya vyuma chakavu wanayo, hawatakudai kikubwa. Nenda na kila kitu: watu wote, maji yamejaa, tangi limejaa, tela limefungwa. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake tela likiwa nje ya mizani. Jumla linganisha na kibati. Ya nyuma linganisha na kikomo cha ekseli kwenye kitabu cha gari. Ikizidi hata kilo 50, kijumba kibaki nyumbani, nunua hema, Matema mchanga ni laini. Na kama tela lako halina breki zake, soma kitabu hichohicho: kwa gari yangu tela lisilo na breki lilikuwa kilo 750 mwisho, na boti ya futi 18 na tela lake kwa kawaida inapita hapo.

Ukishapima, andika hapa namba ya ekseli ya nyuma. Hiyo tu ndiyo nataka kuisikia kabla hujaondoka.