Norway iliitambua Palestina, mbona funguo bado ziko Israel?

SWALI: Norway iliitambua Palestina mwaka 2024, na Tanzania yetu tangu 1988. Kama ardhi imeshakubalika kuwa ya Wapalestina, mbona bado wanaomba kibali kwa Waisraeli ili wajenge nyumba? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kutambua ni nchi moja kutamka nani mwenye haki. Jeshi lililoko kilimani haliondoki kwa tamko hilo.

Tazama Norway ilitamka nini hasa. Waziri Mkuu Jonas Gahr Støre alitangaza uamuzi tarehe 22 Mei 2024. Siku nne baadaye, waziri wa mambo ya nje Espen Barth Eide alimkabidhi Waziri Mkuu wa Palestina, Mohammad Mustafa, hati yenyewe mjini Brussels, na uamuzi ukaanza kazi tarehe 28, siku moja na ule wa Ireland na Hispania. Msingi wa mpaka ni mstari wa 4 Juni 1967, kabla ya Vita vya Siku Sita Israel ilipoyateka maeneo haya: Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na Gaza. Jerusalem iwe mji mkuu wa dola zote mbili, na mlango wa kubadilishana vipande vya ardhi kwa maelewano umeachwa wazi.

Kibali cha nyumba kinatoka kwingine kabisa: makubaliano ya Septemba 1995 kati ya Israel na Wapalestina, yaliyofuata yale ya amani ya Oslo. Yaliugawa Ukingo wa Magharibi mafungu matatu. Eneo A, karibu asilimia 18, Wapalestina wana utawala wa kiraia na polisi wao. Eneo B, karibu asilimia 22, wana utawala wa kiraia, lakini neno la mwisho la usalama ni la Israel. Eneo C, karibu asilimia 60, usalama, mipango miji na vibali vyote viko kwa Israel. Mgawanyo huu ulikusudiwa kuwa wa mpito wa miaka mitano, na hadi leo ndio unaotumika. Mkulima wa Eneo C akijenga hata zizi bila kibali, buldoza linaweza kuja, na kibali chenyewe hakipatikani kirahisi. Hapo ndipo dhuluma ilipo, na tamko la Norway halimpi mkulima huyo karatasi anayohitaji.

SWALI: Basi Norway ina nguvu gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inayo, ila ni katika mambo yaliyo mikononi mwake yenyewe. La kwanza ni lebo. Mwaka 2022 iliamua kwamba vyakula vinavyotoka makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia ardhi iliyotekwa 1967, visiuzwe kama zao la Israel tu: mvinyo, mafuta ya zeituni, matunda na mboga za Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki au Golan (milima ya Syria iliyotekwa na Israel) vitaje eneo, na vitaje pia kuwa ni vya makazi ya walowezi. Ukitaja eneo peke yake, mnunuzi anaweza kudhani ananunua kwa mkulima Mpalestina.

La pili ni fedha. Mfuko wa taifa wa mafuta uliuza hisa zake zote katika Bezeq, kampuni ya simu ya Israel, Desemba 2024, kwa sababu kampuni hiyo inapeleka huduma za simu kwenye makazi ya walowezi. Mei 2025 ukajitoa Paz, yenye vituo vya mafuta huko huko. Kwa maoni yetu hili lina uzito kuliko hotuba yoyote, maana linagusa faida.

Lakini penye mlango wa Israel, Norway hukwama. Waangalizi wa kimataifa walioongozwa nayo mjini Hebron, Ukingo wa Magharibi, tangu 1997 waliondoka mwanzoni mwa 2019, Israel ilipokataa kuwaongezea muda. Agosti 2024 Israel iliwafutia hadhi ya kidiplomasia Wanorway wanane walioshughulika na Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya Wapalestina yenye makao Ramallah, na ofisi ya Norway ya Al-Ram, kati ya Jerusalem na Ramallah, ikafungwa. Huwezi kuingia Ramallah bila kupita kwa anayekalia njia. Hata kodi ni hivyo: kwa itifaki ya Paris ya 1994, mapatano ya kiuchumi ya pande hizo mbili, Israel hukusanya ushuru wa bidhaa zinazokwenda kwa Wapalestina, hukata asilimia 3, kisha hupeleka kilichobaki ikitaka. Mwaka 2024 ilipoizuia sehemu iliyohusu Gaza, Norway ilikubali kuishika fedha hiyo kwa muda ili Mamlaka ipokee iliyosalia na ilipe mishahara.

SWALI: Nchi zikizidi kuitambua, Palestina itaingia Umoja wa Mataifa moja kwa moja? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Hapana. Zinahitajika kura 9 kati ya 15 za Baraza la Usalama bila kura ya turufu, kisha theluthi mbili za Baraza Kuu. Tarehe 18 Aprili 2024 nchi 12 ziliunga mkono, Uingereza na Uswisi hazikupiga kura upande wowote, na Marekani ikatumia turufu. Palestina ikabaki na hadhi ya dola mtazamaji, isiyo na kura, iliyopewa tangu Novemba 2012.