Lavubedi anang'ata? Anza na kibuyu

Wadogo zangu, siku hizi natumiwa video za vidole vinavyovuja damu, vimeng'atwa na lavubedi, hawa kasuku wadogo wa kufugwa, kuliko salamu. Mitaa yetu ya Tabora, Cheyo, Isevya, Kanyenye, mpaka kijana mmoja wa Urambo: "Kaka, lavubedi wangu kawa mkali, nifanyeje?" Na video zenyewe zinafanana. Mkono unazama tunduni kama unatoa yai la kuku, ndege anainama, manyoya ya shingo yanasimama, mdomo wazi, mkono hausimami. Kelele. Wenzako wanacheka nyuma ya simu. Halafu mnaniuliza mimi.

Haya, sikilizeni, maana nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

1. Tundu ni nyumba yake. Usiingize mkono bila hodi. Fungua mlango, kaa pembeni, atoke mwenyewe. Kubadilisha maji na kukwangua kinyesi kufanyike akiwa nje. Akigoma kutoka, mpelekee kijiti apande, si kidole.

2. Jueni tofauti ya kung'ata na kupima. Lavubedi hupanda kwa kutumia mdomo: anakishika kidole kwanza aone kama kinabeba, ndipo alete mguu. Nyie mkiona mdomo unakuja mnavuta mkono, ndege anayumba, kesho anashika kwa nguvu zaidi asianguke. Huyo umemfundisha mwenyewe. Anayetaka kung'ata kweli hutoa taarifa mapema: anajikunja chini, mboni inasinyaa na kutanuka, anakuja mbio juu ya kijiti kichwa kikiwa mbele. Ukiona hivyo, simamisha mkono. Hujashindwa chochote, msubiri atulie.

3. Kiota. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na jike la uso wa pinki, wale ambao asili yao ni huko Namibia na jirani zake. Yeye alizaliwa tunduni Dar, akaja Tabora kwa treni kwenye boksi lenye matundu. Nilimwita Asali. Alikuwa mpole wa kulala ndani ya kola ya shati langu. Nikaona nimfanyie hisani: nikatoboa kibuyu, nikakining'iniza kwenye kona ya tundu, apate pa kujificha na baridi ya Juni.

Baada ya muda akaanza kuchana madaftari. Anatafuna ukingo wa karatasi taratibu, unatoka utepe mrefu, mwembamba, wa upana uleule mwanzo hadi mwisho. Anageuza kichwa nyuma anauchomeka kwenye manyoya ya kiuno, juu kidogo ya mkia. Anachana mwingine, anachomeka. Akishajaza anaingia kibuyuni na mzigo wake, nusu inadondoka njiani. Nikarekodi, nikasambaza kwenye magrupu, watu wakafurahi. Mjuaji mzima, sikujiuliza mama huyu anabeba karatasi kwenda kufanya nini. Alikuwa anajenga! Na jike la lavubedi likishajenga, eneo lote lile ni lake, na anayesogea ni mwizi.

Juu ya hapo, jioni nilikuwa namsugua mgongoni mpaka mkiani nikidhani namliwaza. Kwa ndege, kuguswa mgongo na chini ya mbawa ni habari ya kupandana. Kichwa na shingo, basi. Kwa hiyo nilikuwa nauchochea moto kwa mkono wa kulia na kuushangaa kwa mkono wa kushoto.

Akaanza kung'ata. Mimi nikampiga kibao cha kidole mdomoni, kwa sababu kuna mtu alisema ndiyo dawa. Akazidi. Nikavaa glavu ya ngozi nikawa namkamata kwa nguvu "azoee". Alichozoea ni kwamba mkono ni adui. Asubuhi moja binti wa dada yangu, ameshavaa sare, akainama mlangoni pa tundu amwamkie: "Mwangaluka, Asali." Akang'atwa mdomo wa chini. Damu ikatiririka mpaka kwenye sweta la shule. Dada hakunigombeza, alinitazama tu akaenda kutafuta maji na sabuni.

Nikamtoa ndege kwa hasira. Nikampeleka kwa mzee mmoja wa Ng'ambo, nikamweleza makosa yake yote, kesi imekamilika. Mzee akamtazama Asali, akanitazama mimi, akaniuliza: "Na hiki kibuyu nacho unaniletea cha nini?" Alikiacha hapohapo barazani, nikarudi nacho.

Hakufanya maajabu. Alimwekea tundu lisilo na pango lolote. Magharibi akawa analifunika shuka hadi asubuhi. Alizeti akaitoa bakulini kabisa, akawa anampa punje mojamoja kupitia nyavu, kila mkono unapokaribia. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta Asali juu ya kofia yake, mzee anakunywa kahawa. Nikanyoosha mkono. Asali akajikunja, shingo ikavimba. Kwa mzee yule yule hana neno, kwangu bado nina kesi.

Kwa hiyo: kibuyu, kifuu, kiboksi, soksi ya kuning'iniza, vyote toa, kama hukukusudia kutotolesha. Akishataga tayari, usimnyang'anye mayai haraka, atataga mengine na kumaliza madini mwilini.

4. Akikung'ata usipige kelele wala usimpulizie. Mtue chini kimya, geuka kando kidogo, endelea na mambo yako.

5. Alale gizani kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Tundu lililo kando ya tivii linazaa ndege mwenye hasira, na mwanga mrefu nao unamwambia ni msimu wa kutaga.

6. Anapobadilisha manyoya, yale mapya yanayochipua yanauma yakiguswa. Mwacheni.

7. Mpole wa miaka akibadilika ghafla, amejikunyata manyoya yamevimba, anakaa chini ya tundu: huyo ni mgonjwa. Mtaalamu wa mifugo kwanza, mafunzo baadaye.

8. Zawadi iwe suke la uwele au alizeti. Ninyi wa Kigoma mnaogawa parachichi kwa kila kiumbe, lavubedi msimpe, kwao ni sumu.

9. Msiweke tundu la ndege wengine ligusane na la lavubedi. Wanang'ata vidole vya miguu vya jirani kupitia nyavu, na vingine huwa havibaki. Majike wawili tundu moja, vivyo hivyo, nimeona walivyomalizana.

10. Hawa wenye kichwa cha chungwa na mdomo mwekundu wanaouzwa kwa siri, wameshikwa kwa nyavu. Ni ndege wetu hasa, kwao ni kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Serengeti kushuka mpaka huku Nzega. Mkubwa aliyetolewa porini jana hang'ati kwa ukali, anapigania roho yake, na suke lako la uwele halitambembeleza. Tena kumkamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Muuzaji akikwambia "wa porini huyu, atazoea tu", rudisha hela mfukoni. Uliyekwisha kumnunua, usimfungulie dirishani usiku kwa aibu. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaseme, watakuelekeza.