Coaster ya zamani inagoma kuwaka alfajiri hapa Dodoma: usishushe pampu bado

Mkuu, pole. Umesema Coaster yako yenye injini ya 1HZ (dizeli ya Toyota ya silinda sita) inalala nje huko Nkuhungu, alfajiri za Julai inagoma mpaka vijana waisukume, ila mchana ukigusa ufunguo tu inaitika. Fundi kakwambia ushushe pampu ya dizeli na nozo, yaani vinyunyizi vya mafuta. Nakuomba usishushe bado.

Dizeli ndiyo kazi yangu hapa mjini. Baridi yetu inauma kwa sababu ya upepo, lakini usiku wa Julai ni nyuzi 13 au 14 hivi. Dizeli haigandi kwa baridi hiyo, na 1HZ nzima haihitaji kusukumwa. Injini hii haina cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda ndiyo inapata joto la kuwasha mafuta. Alfajiri chuma kimepoa kinanyonya joto hilo, oili imekuwa nzito, stata inazungusha kivivu na hewa inapata muda wa kuvujia kwenye ringi za pistoni. Ikisukumwa inazunguka kwa kasi, inawaka. Kwa hiyo mimi ningeanza na umeme.

Kama yako ni ya volti 24, ina betri mbili zilizounganishwa kwa kufuatana. Kwenye mabasi mengi nakuta mtu kachomoa volti 12 kutoka betri moja kwa ajili ya redio na chaji za simu. Tabia hii inaua betri kuliko baridi yoyote. Ile moja inanyonywa kila siku bila kujaa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, na ukinunua mpya bila kuondoa waya huo utarudi dukani tena. Weka konveta ya 24 kwenda 12. Kisha alfajiri, kabla hujawasha, pima kila betri peke yake. Iliyojaa inasoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Mwenzako apige stata ukiwa unaangalia mita: betri inayoporomoka chini sana kuliko mwenzake ndiyo mgonjwa.

Pima na waya wa arthi. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, stata ipigwe. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya au temino zimeoza. Watu wananunua stata nzima kwa sababu ya waya huu!

Halafu plagi za hita, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, ziko sita. Taa ya dashibodi kuzimika si ushahidi kwamba zimepata moto. Fungua kipande cha chuma kinachoziunganisha, pima moja moja. Isiyopitisha umeme imekufa. Ukinunua nyingine soma volti iliyoandikwa kwenye plagi yenyewe, maana ya volti ndogo kwenye gari la 24 inaungua upesi.

Wakati wa kupiga stata mtu asimame nyuma aangalie ekzosi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika ila joto halitoshi, rudi kwenye betri na plagi. Kusipotoka moshi kabisa, dizeli haifiki, na mara nyingi imerudi tangini usiku kwa sababu kuna mahali panavuta hewa. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikiwaka mara moja, weka mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Mapovu utayaona kwa macho.

Oili ya 40 kavu, ambayo ni nzito ikipoa, badilisha, weka 15W-40. Na tafadhali, usipulize spreyi ya etha kwenye injini yenye plagi za hita, inaweza kulipuka na kupasua pistoni. Moto wa kuni chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) nao usikubali, hasa gari lenye oili na dizeli zinazovuja.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inagoma, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mbano wa hewa, kwa geji, silinda zote sita. Zikiwa nzuri, hapo sasa toa nozo zipimwe.