Boti Yangu Ilipodai Dar Kuna Nyuzi 11

Nilitengeneza boti ya Telegram (siyo ile ya kwenda Zanzibar, ni programu inayojibu ujumbe yenyewe) kwa ajili ya kundi letu la mtaa. Ukiandika /hali dar, inakwenda kuuliza Open-Meteo, huduma ya hali ya hewa isiyodai ufunguo (namba ya siri ya kuitumia) kwa matumizi madogo kama yangu, halafu inakuletea joto la muda huo. Siku ya kwanza ikasema Dar es Salaam kuna nyuzi 11. Mwezi wa pili, watu tunajipepea kwa madaftari! Mmoja akaniuliza kama nimehamia Njombe kimyakimya.

Jioni nzima niliimaliza kwenye kodi (maandishi ya programu, siyo ya TRA) ya kupokea na kutuma ujumbe, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Siku hizi naanza kwingine: naiamuru boti iandike kwenye logi, daftari lake la kumbukumbu, anwani kamili ya mtandaoni inayoiita, kisha naibandika kwenye brauza nione jibu likiwa ghafi. Anwani inayoiita kweli, siyo ile iliyo kichwani mwangu. Logi ikanionyesha latitude=6.8. Alama ya kutoa imeliwa! Niliweka kipande cha kusafisha maandishi, kikawa kinafuta kila alama isipokuwa nukta. Latitude ni umbali kutoka ikweta, na kusini huwekewa alama ya kutoa: Dar iko -6.8, ukiiondoa ile alama unajikuta kwenye milima ya Bale, Ethiopia, na huko nyuzi 11 si ajabu. Seva yenyewe ilijibu 200, maana yake swali limeeleweka. Kama swali lilikuwa la kijinga, hilo ni lako.

Namba nyingine ambazo seva hujibu hazina fumbo. 404, kagua anwani. 401, kagua ufunguo. 429 ni kwamba unauliza mno. Hifadhi jibu la mwisho na ulirudie kwa dakika 15, mvua haibadiliki kila mtu anapoandika amri. Na ukipiga picha ya logi kuomba msaada, funika tokeni, ile nywila ya boti yako.

Kisha kuna saa. Usipoiambia kitu, Open-Meteo hutoa saa za GMT, nyuma yetu kwa saa 3. Ongeza timezone=Africa/Dar_es_Salaam kwenye anwani. Hata baada ya hapo jibu lilikuja 14:00, na mama mmoja kundini akauliza, "Mwanangu, saa 14 ndiyo saa ngapi?" Nikaweka mstari wa kupunguza 6: saa 8 mchana.

Boti ikiwa kimya kundini tu, tazama amri inavyofika. Mtu akiichagua kwenye menyu, Telegram huibandika jina la boti, /hali@jinalake, na kodi inayosubiri /hali tupu inaipita. Ikijibu leo na kugoma kesho, tafuta 409 kwenye logi: nakala mbili zinagombania ujumbe kwa tokeni moja. Yangu ya pili niliikuta kwenye laptop ya zamani chini ya meza, inaunguruma tangu Jumapili.