Mafuta ya mishipani au dripu ya mafuta?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri taarifa ya soko kuhusu mafuta wanayowekewa wagonjwa wasioweza kula. Nimeandika "mafuta ya mishipani" na "soko linatarajiwa kukua". Mhariri amekataa yote mawili. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako ni sahihi. Tatizo liko kwenye maana. Msomaji akikuta "mafuta ya mishipani" atafikiria lehemu inayoziba mishipa, yaani ataona ugonjwa pale ulipoandika tiba. Kiambishi -ni hutaja mahali tu, hakisemi kama mafuta yamo au yanaingizwa. Kitenzi ndicho husema: "mafuta ya kutiwa kwenye mshipa wa damu". Usiache "wa damu", kwani kwa wengi mshipa ni ngiri pia.

Hata hivyo, wodini mgonjwa hutundikiwa dripu, nami ningeandika "dripu ya mafuta" tangu kichwa cha habari. Neno hilo limekopwa, lakini limeshakuwa letu. "Lishe ya kupitia mshipa" ibakize kwa huduma nzima, yenye sukari, amino asidi, vitamini na madini pamoja na hayo mafuta.

Jihadhari na "maji" pia, maana watu husema mgonjwa "ametundikiwa maji". Hiki ni chakula. Intralipid, dripu ya mafuta aliyoibuni Arvid Wretlind wa Sweden na kuidhinishwa Marekani mwaka 1975, ni mafuta ya soya yaliyovunjwa kuwa matone madogo mno, yakazuiwa yasijitenge na maji kwa viambato vya kiini cha yai. Ile yenye mafuta asilimia 20 hutoa kilokalori 2 kwa kila mililita.

Sasa "linatarajiwa". Nani anatarajia? Taarifa za biashara hupenda kauli ya kutendwa, na aliyekadiria hupotea. Mtaje: "waandishi wa taarifa wanakadiria". Kisha taja sababu walizotoa, iwe ni watoto njiti wanaohitaji lishe hii au michanganyiko mipya yenye mafuta ya samaki, kama SMOFlipid iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016.

"Kukua" nako kunanisumbua zaidi. Soko la dawa laweza kupanda kwa fedha huku idadi ya chupa ikibaki ileile, kwa sababu tu bei imepanda. Taarifa ikihesabu fedha, andika "thamani ya mauzo itaongezeka". Ikihesabu chupa na mifuko, andika "wingi wa mauzo". Mfamasia anayepanga bajeti ya wodi ya watoto njiti anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili.