Kabla Hujafunga Bati kwenye Bodi ya Gari Lako

Magari mengi yanayopiga kazi vijijini huku Dodoma yamevalishwa mabati ya alumini yenye vinundu: juu ya fenda, chini ya milango, kwenye kona za nyuma. Naunga mkono kabisa. Ukiacha lami ukashika njia za Mvumi au Haneti, au ukapenya vichaka vya Itigi upande wa Manyoni, kokoto zinagonga chini ya mlango na miiba inachora rangi pande zote mbili. La kwangu ninalo hivyo, na rangi iliyo nyuma ya bati bado ni nzima. Lakini nimeona pia gari la jirani likibanduliwa bati, mlango nyuma yake umeoza hadi bisibisi inapenya bila kusukumwa. Bati ni lilelile. Kilichotofautiana ni namna lilivyofungwa.

Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake, na alumini ndiyo huanza kuliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti, kisha bati linaanza kuvimba. Chuma nacho hakisalimiki, maana maji na tope vilivyonasa nyuma huko havikauki. Kuna wanaosema Dodoma kukavu, kutu itatoka wapi? Kweli mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, lakini vumbi letu laini likishajaa nyuma ya bati hufyonza hata maji ya kuoshea gari, likakaa nayo. Na ukitoka Bahi, ambako maji ya mbugani hayana mto wa kuyafikisha baharini, tope linabeba chumvi. Hiyo chumvi ndiyo inayoharakisha yote.

Kwa hiyo vyuma hivyo viwili visigusane. Mimi hutumia mpira wa tyubu ya lori, uliokatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye kila tundu la bolti, ili bati likae mbali kidogo na bodi, hewa ipite na maji yateremke. Kuna wanaopenda kuligandisha lote kwa gundi ya bodi. Inafaa, ila iwe gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Ile silikoni ya madirisha inayonuka siki ikataeni, asidi yake inakula chuma. Kuchomelea ndiyo sikubali hata kidogo: moto unaunguza rangi ya upande wa ndani wa mlango, mahali ambapo brashi haifiki tena.

Kutoboa ndiko kunakohitaji usimame na fundi. Tundu likishatobolewa, chuma kiko uchi. Mwambie kwa heshima, “Fundi, naomba tupake praima kwanza,” na usubiri ikauke. Pia futeni vumbi la chuma lililoanguka ndani ya mlango, kwani lenyewe huanzisha kutu. Tundu la kwenye bati liwe pana kuliko bolti, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na jua letu la saa saba unalijua. Bati lililobanwa bila nafasi linajikunja katikati. Bolti na washa za chuma kisichoshika kutu nazipenda kuliko ribiti, kwa kuwa siku ukitaka kusafisha nyuma unafungua tu. Ribiti lazima uitoboe upya.

Unene wa milimita 2 unatosha ubavuni. Pale mtu anapokanyaga, kama juu ya fenda, weka 3. Uzito usikutishe: mita moja ya mraba ya alumini ya milimita 2 ni kama kilo tano na nusu, wakati chuma cha unene huohuo kinakaribia kilo 16. Wenye Land Rover za zamani, bodi zenu sehemu kubwa ni alumini tayari, hivyo msikubali kuwekewa bati la chuma kwa sababu ya bei. Litakula bodi yenyewe.

Kingo zipigwe tupa hadi zisikwaruze kidole. Watoto wanaegemea magari yetu, na bodaboda wanapita karibu sana.

Kabla hujamlipa fundi, chukua jagi la maji, mimina taratibu kwenye kioo cha mlango na uchuchumae uangalie chini. Milango ina vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa chini, na bati huviziba kirahisi sana. Maji yasipodondoka ndani ya dakika moja hivi, bati lishushwe likatwe upya, hata kama jioni imeingia na fundi anataka kufunga gereji.