Maswali kwa fundi: boti za kasi za mbao na mifano yake

Tangu niweke boti ndogo ya mfano, ya mbao za mkangazi, kwenye kibaraza cha karakana yangu hapa Mikindani, maswali hayakatiki. Leo najibu matano.

Fundi, shikamoo. Mashua yangu ina urefu wa mita 8. Nilitoa injini ya farasi 15 nikafunga ya 40. Mwendo umeongezeka kidogo sana, ila mafuta yanakwisha kama maji. Hizo boti za zamani za mbao zilipataje kasi? (Mvuvi, Msimbati)

Marahaba. Injini haina kosa, shida iko chini ya maji. Mashua ya mzigo hulima bahari. Huyasukuma maji pembeni, na kadiri inavyokazana ndivyo inavyojichimbia wimbi lake yenyewe: omo, yaani mbele, inainuka; tezi, yaani nyuma, inazama. Chombo cha mita 8 chenye umbo hilo huanza kugoma kwenye kilomita 13 hivi kwa saa. Ukizidisha nguvu hapo, unalisha wimbi.

Boti ya kasi imeundwa ipande juu ya maji. Mbele ina makali ya kukata wimbi, lakini ukielekea tezi upande wa chini unalala, unakaribia kuwa bapa, na pale chini inapokutana na ubavu kuna kona kali kama ya sanduku ili maji yakatike yasipande. Ikishika mwendo, maji yenyewe yanainyanyua na sehemu kubwa ya mwili inabaki hewani. Kwa umbo la namna hiyo, mwaka 1932 Mmarekani Gar Wood aliifikisha boti yake ya mbao, Miss America X, kwenye kilomita 200 hivi kwa saa. Ilikuwa na injini 4 za Packard, ni kweli, lakini ukizifunga injini hizo kwenye jahazi utalipasua tu.

Usiibomoe mashua yako. Umbo lile linabeba nyavu, samaki na watu, na linavumilia kusi. Boti bapa ingekuvunja kiuno siku ya kwanza. Rudisha ile ya farasi 15.

Nimeona picha za Riva ya Italia, nataka kutengeneza mfano wake. Nianzie hapo? (Kijana wa Shangani)

Ni chombo kizuri mno, nami sikulaumu kwa kukipenda. Karakana ya Riva ilianza mwaka 1842 katika mji wa Sarnico, kando ya Ziwa Iseo. Aquarama, hiyo uliyoiona, aliileta Carlo Riva mwaka 1962 na iliendelea kuundwa hadi 1996, ikiwa na injini mbili za V8 na kioo kipana cha mbele kilichopinda. Jina lenyewe limetokana na Cinerama, ile sinema ya pazia pana.

Lakini usianzie hapo. Urefu wake halisi unazidi mita 8 kidogo, kwa hiyo ukipunguza mara kumi unapata sentimita 80 na ushee, na katika sentimita hizo mbao zinajipinda na kujinyonga kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo Chris-Craft, boti za Kimarekani, za karibu mwaka 1940, zile ambazo tezi yake ni duara kama pipa lililolazwa. Tafuta kwanza ramani ya boti yenye ubavu ulionyooka. Ukiweza kulaza mbao kumi juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, bila kuacha mwanya wa kupitisha ukucha, njoo tuzungumze Riva.

Nina vipande vya mpingo kutoka kwa wachongaji. Vinafaa? (Msomaji, Masasi)

Kwa mwili wa boti, hapana. Mpingo ni mzito hata unazama majini, na ukiukata wembamba hupasuka kabla haujakunja. Tumia mkangazi, ambao ni ndugu wa mahogani zilizounda boti zenyewe. Pasua vipande vya milimita 2, viloweke kwenye maji ya moto, kisha vibane juu ya mataruma vikauke usiku kucha kabla ya gundi. Asubuhi ukifungua vibanio, ubao unabaki umepinda karibu vilevile, kama umezaliwa hivyo. Mistari myeupe ya sitaha ipate kwa uzi mwembamba wa msonobari kati ya mbao na mbao. Mpingo wako tengenezea kitako cha kuwekea boti, na ule usukani mdogo. Hapo hakuna mti unaoufikia.

Je, lazima mfano uelee?

Hapana, ni wa mezani. Ila chini yake pawe sahihi. Mifano mingi ya kununua inang'aa juu, lakini chini imekwanguliwa tu kama mwiko kwa kuwa hakuna anayepatazama. Mimi huipindua boti kwanza, ndipo niangalie vanishi.

Marehemu mume wangu aliacha boti ya mfano. Vanishi imefanya ukungu mweupe na usukani umeng'oka. Nifanyeje? (Mama, Lindi)

Pole sana, mama. Ukungu huo ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Boti yangu ya kwanza niliipaka mwezi wa Februari, mvua ikinyesha, na kufika jioni sitaha yote ilikuwa kama imemwagiwa maziwa. Nilikaa nayo kimya muda mrefu. Tangu hapo napaka kuanzia Juni hadi Oktoba tu, jua likishapanda.

Yako usiikwangue. Iondoe dirishani, maana jua na chumvi ndivyo vinavyoila, na vumbi litoe kwa brashi laini, si kwa kitambaa chenye maji. Msimu mkavu ukifika, mtu mwenye mkono mwepesi apitishe msasa namba 400, kisha tabaka mbili nyembamba za vanishi. Ajaribu kwanza upande wa chini.

Usukani usiutupe. Ufunge kwenye karatasi, uuweke ndani ya boti yenyewe, siku ukipita Mikindani nitaurudisha mahali pake.